Dereva Aliyeandikwa ni Akiteng

Emong wa Malaba aliendesha trela miaka ishirini na miwili, Mombasa mpaka Kampala na kurudi, na katika miaka hiyo yote ungemtafuta kwa tochi usimpate ameketi kiti cha abiria. Hata siku alipopewa lifti na mwenzake, mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu upande wake kana kwamba breki ziko pale. Watu wa namna hiyo tunawajua. Ukimwambia mmoja wao kwamba siku moja ataendeshwa na mkewe, tena mchana kweupe, tena mbele ya wapagazi wa mpakani, atakwambia nenda ukapimwe akili.

Na bado aliendeshwa. Angekubali tu kuendeshwa safari nzima, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini alikataa hatua mia nne za mwisho, na hizo hatua mia nne ndizo zinazomla moyo mpaka sasa.

Kosa lake la zamani kabisa lilikuwa la mwendo wa kasi, pale Matayos. Alilipa faini akasahau. La pili ndilo lililomshika. Ilikuwa Jumapili ya ubatizo, nyumbani kwa wakwe zake karibu na Angurai. Kwa Wateso, mkwe akikukaribisha kwenye chungu cha ajon akakupa mrija, hukatai. Kuukataa mrija ni sawa na kumwambia mwenye boma kwamba unashuku ametia kitu. Emong akaketi, akavuta, maji ya moto yakaongezwa chunguni, akavuta tena. Saa nane akaingia kwenye pikapu ya rafiki yake, akashika usukani kurudi Malaba. Kabla ya kufika Amagoro polisi wakamsimamisha, wakampa kile kidude cha kupuliza.

"Mzee, umekunywa," polisi akasema.

"Sijakunywa pombe. Nimekunywa ajon."

"Na ajon ni nini?"

"Ni wimbi. Hiyo ni chakula."

Wala hakuwa akifanya mzaha. Ukimkata Emong vipande vipande, hakuna kipande kitakachokubali kwamba kinywaji alicholelewa nacho, kinachonywewa mchana na mashemeji na kina mama, kinaweza kuwekwa kapu moja na chang'aa. Mahakamani Busia akayarudia maneno yale yale. Hakimu, mtu wa kutoka mbali, akatabasamu kidogo kisha akaandika. Faini, na leseni ifungiwe mwaka mzima. Kampuni ya trela haikungoja mwaka uishe. Walimpa barua na kiinua mgongo chake, na baada ya miaka ishirini na miwili hakuna hata aliyetoka ofisini kumsindikiza mpaka getini.

Mwaka ule wa leseni kufungwa ulizaa jambo moja jema. Mkewe Akiteng, muuza njugu na simsim soko la Malaba, akasema haiwezekani nyumba nzima ikose leseni. Emong akacheka. Kisha, kwa kuwa hakuwa na kazi nyingine, akaazima gari la jirani akaanza kumfundisha kwenye uwanja wa mpira. Alikuwa mwalimu mkali. Akiteng akizima gari, anafoka. Akisahau kioo, anafoka. Lakini mwanamke yule alikuwa na kitu ambacho Emong hakuwahi kuwa nacho. Alikuwa na subira. Alipokwenda chuo cha udereva kukamilisha masomo, alifaulu mtihani mara ya kwanza, akiwa na miaka arobaini na mitatu, kati ya vijana waliokuwa wakirudia. Emong aliwaambia watu wote wa Malaba kwamba ni yeye aliyemfundisha. Hakuwaambia kwamba tayari anaendesha vizuri kumshinda.

Mwaka mwingine akaupoteza akibisha milango ya makampuni ya trela. Kila mlango uliulizia rekodi yake, na kila mlango ukafungwa. Mwishowe akachukua kilichobaki cha kiinua mgongo, akaongeza mkopo wa Sacco, akanunua Fielder iliyotumika, ya rangi ya fedha, ya kubebea magunia ya mkewe na kuwafikisha kwa ndugu. Sacco wakasema gari halitoki mpaka waone bima, tena bima kubwa.

Hivyo ndivyo walivyofika kwa Hasina. Ofisi yake iko Busia mjini, ghorofani, juu ya duka la vitenge. Hasina alikuwa wakala wa bima mwenye sauti ya upole na macho yasiyodanganyika. Emong alimfahamu tangu enzi za trela, maana ndiye aliyekuwa akiwakatia madereva kadi za bima za kuvukia Uganda. Aliwakaribisha wote wawili, akamimina chai, akafungua fomu.

"Mzee Emong, nitakuuliza kitu na usinifiche. Hii miaka mitatu imepita, umepatikana na kosa lolote barabarani?"

Emong akaangalia dari. "Kidogo tu."

"Kidogo gani?"

Akiteng akakohoa. Emong akaeleza, akianzia kwenye wimbi.

Hasina hakucheka. Aligeuza karatasi, akachora mistari mitatu kwa kalamu. "Basi njia ni tatu. Ya kwanza ni thad pati. Hiyo ni rahisi. Ukigonga mtu, mtu atalipwa, lakini gari yako utajijua."

"Sacco wamekataa hiyo."

"Najua. Wanataka komprehensivu mpaka umalize loan. Ya pili ndio hiyo komprehensivu, uandikwe wewe. Watakuchukua, lakini kwa hiyo kesi yako watakupandishia, ni karibu mara mbili. Na ikitokea ajali, elfu hamsini ya kwanza inatoka kwa mfuko yako kabla wao waguse kitu."

"Nilishalipa faini kortini," Emong akasema. "Sasa hii ni faini ya pili ama?"

"Sio faini, mzee. Ni vile wanakuona."

"Na ya tatu?"

Hasina akamgeukia Akiteng. "Ya tatu ni mama. Mama ako na leseni, na rekodi yake ni safi kama maji. Tunamwandika yeye ndio dereva, na wewe tunakutoa kwa maandishi. Bei inarudi chini kabisa. Lakini sikiza, mzee, nisije nikalaumiwa. Kukutoa ni kukutoa. Ukishika hiyo stering hata kupeleka gari ioshwe, hiyo bima imelala."

Akiteng ndiye aliyezungumza kwanza, na maneno yake Emong anaweza kuyarudia mpaka leo bila kukosea hata moja. "Baba Amongin, tulipe ile ya mara mbili. Nitauza njugu zaidi. Wewe ni dereva, utaendesha gari yako na roho safi."

Emong akakataa. Si kwamba pesa hazikuwepo kabisa, zingepatikana kwa kujibana. Alikataa kwa sababu ya ile hasira ya mtu anayeamini ameonewa, hasira inayomfanya mtu akatae dawa kwa kuwa aliyempa ugonjwa ni mwingine. Akasema hawezi kuadhibiwa mara mbili kwa bakuli la uji. Akasema aandikwe Akiteng. Akiteng akatia sahihi kwenye nafasi ya dereva, na Emong akatia sahihi mahali palipoandikwa kwamba yeye haruhusiwi kuliendesha gari lake mwenyewe.

Miezi ya kwanza mapatano yalishika. Akiteng aliendesha, Emong akaketi kushoto, mguu wake ukikanyaga sakafu. Wapagazi wa Malaba, watu wasio na dini, wakaanza. "Emong amerudi kuwa turniboi," wakasema. Alianza maisha ya trela kama turniboi, akifungua turubai na kuosha matairi, na alikuwa ametoka jasho miaka sita kulivua jina hilo. Alicheka nao. Nyumbani hakula chakula cha jioni.

Wapagazi angewazoea. Asichoweza kukizoea ni swali la baba mkwe. Siku ya kwanza walipoingia bomani kwa Mzee Ilukor, Akiteng akiwa kwenye usukani, mzee alitoka nyumbani akalizunguka gari, akainama dirishani upande wa Emong na kumtazama kwa huruma.

"Mkwe wangu ni mgonjwa?" akauliza.

Ng'ombe aliowatoa Emong walikuwa wamezaana katika boma lile. Aliingia pale kijana, akawa mtu mzima mwenye trela, na watoto wa boma walikuwa wakikimbilia honi yake. Sasa anaulizwa kama ni mgonjwa. Alijibu kwamba mgongo unamsumbua.

Ndipo ikazaliwa ile desturi ya kona. Kabla ya kufika kwa Mzee Ilukor kuna kinu cha kusaga unga, na pale barabara inakunja. Kutoka kinuni mpaka lango la boma ni hatua mia nne, Emong alizihesabu. Safari iliyofuata, walipofika konani, akamwambia Akiteng asimame. Wakabadilishana viti. Emong akaingia kwa wakwe akipiga honi, mkono mmoja nje ya dirisha. Walipoondoka akaendesha mpaka konani, wakabadilishana tena. Mara ya kwanza Akiteng alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwita bwana harusi. Mara ya tatu hakucheka.

"Hasina alisema hata kuosha."

"Hatua mia nne, Mama Amongin. Nani atapima hatua mia nne?"

Akiteng akanyamaza, kwa sababu alimpenda, na kwa sababu alimwona anavyonyooka mgongo kila akiingia lango lile. Mtu hawezi kumlaumu. Ukiona mumeo anarudishiwa uso wake kwa hatua mia nne, utamnyang'anya?

Mwezi wa kumi ukaleta habari njema, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana hapa ndipo penye kidonda. Shule moja ya masista karibu na Angurai ilinunua basi dogo la watoto. Sista Petronilla, mkuu wa shule, alitaka dereva mwanamke, mtu mzima, asiye na haraka. Alimwita Akiteng, akaketi nyuma yake, wakazunguka barabara zote za vumbi mpaka jioni. Waliposimama Sista akasema kazi ni yake kuanzia Januari, ya mshahara na bima ya matibabu, ila alete cheti cha polisi na rekodi ya leseni isiyo na doa.

Akiteng alirudi nyumbani hawezi kuketi. Mwanamke aliyekaa miaka ishirini na mitano kwenye kigoda nyuma ya beseni la njugu, sasa ataitwa dereva wa shule. Alikwenda Busia akanunua viatu vyeusi vya ngozi, vya chini, visivyoteleza kwenye pedali. Akaviacha ndani ya boksi lake, akiwa anavitoa jioni kuvitazama na kuvirudisha. Emong alifurahi naye. Nisimwonee, alifurahi kwa dhati. Alimwambia binti yao Amongin kwenye simu kwamba mama yake amepanda cheo kumshinda yeye.

Jumamosi wakaenda kumpa habari Mzee Ilukor. Konani wakabadilishana viti kama kawaida. Mzee aliposikia, akapiga magoti palepale uani akashukuru, kisha akaagiza chungu. Akiteng akanywa soda, kwa kuwa yeye ndiye dereva. Emong akapewa mrija. Alivuta mara mbili tatu, kwa heshima, akautua. Hata leo anaapa kwamba hakulewa, na huenda hakulewa. Alikuwa na kitu kingine kichwani, furaha ya kuonekana.

Saa tisa wakaaga. Boma zima likatoka langoni. Emong akawasha gari, akapiga honi ndefu, akageuka kuwapungia mkono waliokuwa nyuma, na alipokuwa amegeuka hivyo, akakanyaga mafuta. Ochom, kijana wa bodaboda wa kijiji kile, alikuwa akipita mbele yake na gunia la mahindi kupeleka kinuni. Akiteng alisema, "Baba," mara moja tu. Fielder ikaiparamia pikipiki, ikaingia mferejini, uso wake ukakunjamana kwenye ukuta wa kalavati.

Mahindi yalimwagika barabara nzima. Ochom alikuwa amelala juu yake, mguu umegeuka mahali ambapo mguu haugeuki. Akiteng alishuka kwanza. Akavua leso yake, akaufunga mguu kwa vipande viwili vya mti, akamwambia Ochom amtazame yeye tu asitazame chini. Emong alibaki ameshika usukani. Mikono yake ilikataa kuachia.

Kisha Akiteng akaja upande wake, akafungua mlango. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Hama," akasema.

Emong akamtazama.

"Bima ikijua ni wewe, huyu mguu nani atalipa? Na wakikupulizisha mara ya pili ni jela, Baba Amongin. Hama."

Neno moja lingetosha. Angesema "la" na mambo yangekwenda njia nyingine, mbaya labda, lakini yake. Alikuwa na muda. Aliiona ile kazi ya Januari, aliviona vile viatu kwenye boksi, alijua vizuri kabisa anachopewa na kinatoka wapi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakumjua Emong, aliyechimba akaingia mkewe. Aliinua mguu wake mmoja, halafu mwingine, akahamia kiti cha kushoto, na hiyo ndiyo mara ya mwisho walipobadilishana viti siku ile.

Polisi walipofika, Akiteng akasema, "Ni mimi." Akapulizishwa, kidude kikanyamaza. Kijiji kikafunga mdomo, na Ochom naye akafunga, kwa kuwa alitaka mguu wake. Kortini Busia Akiteng akakubali kosa la kuendesha bila uangalifu. Alisimama kizimbani amevaa vazi lake la chama cha akina mama wa kanisani, mwanamke ambaye hata kipimo cha njugu hakuwahi kumpunja mtoto, akasema uongo kwa sauti iliyosikika mpaka benchi la nyuma. Faini haikuwa kubwa. Lakini jina liliandikwa.

Sista Petronilla alimpokea ofisini, akamshika mikono yote miwili. "Mimi nakuamini, Akiteng. Lakini watoto ni wa watu, na wazazi wameshasikia." Kazi akapewa mwingine.

Emong alikusudia kumwendea Sista. Hilo analisema mwenyewe, wala hajitetei. Mwezi wa kumi na moja alijiambia angoje kwanza Ochom afanyiwe upasuaji. Mwezi wa kumi na mbili alingoja kampuni ya bima ikubali kutengeneza gari. Januari alifika mpaka lango la shule, akaliona lile basi uani, na ndani yake mwanamke asiyemjua akipangusa kioo. Akamwambia bawabu amepotea njia.

Kampuni ililipa yote. Ochom akawekewa vyuma, akarudi kwenye pikipiki, akitembea kwa kuchechemea kidogo. Fielder ikarudi na uso mpya kuliko ule wa kwanza. Kila mtu alipata chake isipokuwa mmoja. Akiteng alivitoa vile viatu kwenye boksi, akaanza kuvivaa sokoni kuuzia njugu, kwa kuwa, alisema, viatu vikikaa vinapasuka. Gari aliendelea kuliendesha kwa kuwa ndiye aliyeandikwa, lakini aliendesha kama mtu anayebeba maji ya jirani. Hakumlaumu Emong hata siku moja. Angemlaumu, labda Emong angelala.

Mwezi wa sita bima ikaisha. Emong akapanda ngazi za Hasina peke yake. Akiteng alibaki garini, mbele ya duka la vitenge.

Hasina akafungua faili, akasoma, akainua uso. "Mzee, leo una bahati. Ile kesi yako imemaliza miaka mitatu mwezi uliopita. Kampuni haiulizi tena. Wewe sasa ni msafi."

Emong akatazama dirishani, chini lilikoegeshwa gari.

"Shida ni mama. Ako na ajali, ako na korti. Nikimwacha yeye dereva, bei inaruka, ile ile ya mara mbili nilikuambia mwaka jana. Kwa hivyo tunageuza. Tunakuandika wewe, mama tunamtoa kwa maandishi. Unaweka sahihi hapa, unalipa kidogo, mnaenda." Akasogeza fomu.

Emong akaitazama ile nafasi. Akaona jina la mkewe limepigwa mstari, na lake limeandikwa safi mahali pake.

"Dada Hasina," akasema, "hiyo siku ya ajali..."

Hasina akaweka kalamu chini. Alimtazama, na Emong akajua kwamba mwanamke huyu alishajua, pengine tangu siku ya kwanza.

"Mzee wangu, kabla uendelee, nisikize. Kuna maneno mimi nikiyasikia siwezi kuyarudisha. Kampuni itataka pesa yake yote, ya gari na ya mguu wa Ochom. Lakini hiyo si kitu. Nani aliandika statement? Nani aliapa kortini? Wa kwanza kuitwa ni mama. Sasa kama unataka kuendelea, endelea."

Chini barabarani malori yalikuwa yakinguruma kwenye foleni ya kuvuka. Emong alikuwa amebeba yale maneno miezi minane akiamini kwamba siku atakapopata ujasiri atayatua na kila kitu kitarudi mahali pake. Sasa ujasiri umefika, na hakuna mahali pa kuyatua. Ukweli wake umekuwa mali ya mkewe, na akiutoa, anayeumia ni mkewe tena. Akalia. Alilia bila kujificha, mtu mzima wa miaka hamsini na minne, na Hasina akainuka akafunga mlango ili wateja wasimwone.

Alipotulia akafuta uso kwa kiganja. "Usimtoe," akasema. "Mwandike Akiteng. Uniandike na mimi pia."

"Itakuwa ya mara mbili, mzee."

"Najua."

"Ni pesa ya kutupa. Wewe peke yako ungelipa nusu."

"Mwandike, dada."

Alishuka ngazi na stika mkononi. Akiteng alikuwa ameketi kiti cha kushoto tayari, kikapu mapajani. Hasina alikuwa amempigia simu wiki iliyopita kuuliza habari za leseni, na yeye si mtu wa kuambiwa jambo mara mbili. Alikuwa amejitoa mwenyewe kabla hajatolewa.

Emong akazunguka mpaka dirishani kwake, akamnyooshea stika na risiti. "Hamia huku, Mama Amongin. Uko kwa bima. Wote tuko."

Akiteng akaitazama stika, kisha risiti. "Umelipa hii?"

"Nimelipa."

"Hii ndio nilikuambia mwaka jana."

"Ndiyo."

Alisema bila uchungu, na hilo ndilo lililomchoma Emong zaidi. Alikunja risiti vizuri akaitia kikapuni. "Endesha tu, Baba Amongin. Mimi nimezoea huku."

Basi akaendesha. Walipokaribia Adungosi wakakuta mbele yao basi dogo la njano, limejaa watoto waliotoka Busia kwenye mashindano ya nyimbo, bado wanaimba. Jina la shule lilikuwa mgongoni kwa herufi kubwa. Emong akatamani kulipita, akaogopa kulipita, akabaki nyuma yake. Mbele kulikuwa na tuta, na dereva wa basi, yule mwanamke asiyemjua, alikuwa anakwenda kidogo kasi kuliko inavyofaa, si sana, kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiye dereva asingekiona.

Akiteng alikuwa akitazama mbele. Emong akageuza macho, akauona ule mguu wake, ndani ya kiatu cheusi cha ngozi, ukikanyaga sakafu kwa nguvu pale ambapo breki hazipo.